Amina ya Kaluki

Siku hizi pale Ikutha, mtu akitaka mazishi yaishe mapema watu wale chakula kikiwa moto, sala ya mwisho anampa Mzee Kiema. Anasimama, anavua kofia, anasema maneno machache, anaketi. Wageni hubaki wakitazamana, maana hata macho walikuwa hawajayafumba vizuri. Wenyeji hawashangai. Wanajua mzee alikotoka.

Na alikotoka ni mbali. Kuna wakati Kiema akipewa sala ya kufunga ibada, akina mama walituma mtu mbio jikoni akapunguze moto chini ya sufuria. Wee! Mtu huyo aliomba! Alianzia kwenye uumbaji, akapanda safina na Nuhu, akavuka bahari na Musa, akaingia Ukambani na kuanza kutaja mito, Athi, Tiva, Thua, kila mmoja akiuombea maji yake. Akimaliza mito anaingia kwa walimu, kisha machifu, kisha wajane, mmoja mmoja kwa jina. Sauti yake ilikuwa nzito na tamu, na ikifika kwa wajane ilitetemeka mahali pale pale panapotakiwa kutetemeka. Watu wazima walilia. Watoto walilala.

Usidhani alikuwa mnafiki. Kiema alimcha Mungu kwa dhati. Lakini tuseme ukweli, alipenda pia kusikika. Shuleni hakukaa, shamba lake lilikuwa changarawe tupu, na baba yake hakumwachia hata jina la kujivunia. Ile sauti ndiyo iliyomfanya aitwe mbele, na mtu akishazoea kuitwa mbele, kurudi nyuma ni kazi ngumu.

Riziki yake ilikuwa mbuzi. Alinunua huku Ikutha, akawavusha mto Athi hadi upande wa Makueni, akawauza soko la Kibwezi. Na katika kazi hiyo alikuwa mtu mwingine kabisa, mtu wa kimya. Mbuzi hanunuliwi kwa macho, alisema, hununuliwa kwa mikono. Alipanua mdomo akaangalia meno, akabonyeza chini ya taya, akainua kwato moja moja, akapitisha vidole kwenye mbavu. Muuzaji akianza kusifu mnyama wake, ooh huyu amezaa mapacha, ooh huyu hajawahi kukohoa, Kiema alimkata: "Nyamaza kwanza. Mikono yangu inasikiliza." Soko zima la Ikutha liliyajua maneno hayo, na vijana waliyaiga wakitaniana.

Mkewe aliitwa Kaluki, mwanamke wa maneno machache lakini yenye meno. Jioni sala ya chakula ikirefuka mpaka mchuzi unaota ngozi, alimwambia, "Baba Ndinda, Mungu si mteja wa Kibwezi. Usimzungushe." Kiema alicheka, lakini kesho yake akazungusha vile vile. Kanisani Kaluki aliketi mstari wa kwanza wa akina mama, na mumewe akimaliza, yeye ndiye aliyetoa Amina ya kwanza. Aliitoa kwa nguvu, ya kuamsha waliosinzia, nusu kwa imani na nusu kwa utani. Kiema aliingoja Amina hiyo. Bila hiyo hakuhesabu kwamba ameomba.

Mtoto wao alikuwa mmoja tu, Ndinda. Baada yake tumbo la Kaluki lilinyamaza miaka na miaka. Walienda hospitali, wakaombewa, wakakata tamaa, wakazoea. Ndinda akakua, akaolewa huko Mukuyuni. Nyumba ikabaki na watu wawili na kelele za mbuzi. Halafu, wakati ambao hakuna aliyefikiria jambo kama hilo, Kaluki akapata mimba.

Jameni, Ikutha ilicheka! Walicheka kwa furaha, si kwa ubaya, na Kaluki akacheka nao. Alitembea sokoni polepole, mkono kiunoni, akijibu kila utani uliotupwa. Kiema yeye hakucheka. Aliogopa. Alimtaka mtoto huyo kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote duniani, na kila jioni aliiombea ile mimba mpaka Kaluki akasema mtoto atazaliwa akiwa amechoka kusikiliza.

Ilikuwa mwaka wa sabini na tisa, mwezi wa nane, ule mwezi wa upepo. Uchungu ulimshika Kaluki alfajiri. Walimpeleka kwenye zahanati kwa mkokoteni wa ng'ombe, na pale wakampata muuguzi, Sista Mishi, mama wa Kiislamu mzaliwa wa Kitui mjini, ambaye babu zake walitoka pwani. Mishi alimpapasa tumbo kwa muda mrefu bila kusema neno. Kisha akamwita Kiema nje.

"Mzee, mtoto amelala ubavu. Hawezi kutoka hivyo. Mama lazima apasuliwe, na lazima iwe leo."

"Basi tumpeleke Kitui."

"Na gari gani? Lenu nyinyi au letu? Letu liko juu ya mawe, halina magurudumu." Mishi alikuwa na haraka, na haraka ilimtoa adabu. "Nimeita ndege kwa redio. Omba Mungu ije."

Kumwambia Kiema aombe! Lakini ndege ilikuja kweli, kabla jua halijafika utosini. Ilikuwa ndogo, nyeupe, ya shirika moja la misheni. Ilizunguka mara moja juu ya soko ili ng'ombe wafukuzwe uwanjani, kisha ikatua katikati ya vumbi. Ilikuwa siku ya soko, basi soko lote likahamia uwanjani. Wauza mahindi waliacha mahindi, wanunuzi wa mbuzi waliacha mbuzi. Kwaya ya kanisa ilijikusanya bila kuitwa.

Rubani aliitwa Mutie. Hakuwa mzungu kama wengi walivyotarajia, alikuwa kijana wa kwao, Mkamba wa Mukuyuni, mtoto wa mwinjilisti. Watu walipolisikia hilo walimpigia makofi. Alisalimia wazee kwa mikono miwili, akauliza mgonjwa yuko wapi, akaambiwa bado anatolewa zahanati kwa machela. Upepo ulikuwa unaipiga ndege kwa ubavu, mkia unagongagonga. Mutie akatoa vibao viwili, akaubana mkia kwavyo usiendelee kupigwa. Vibao hivyo vilifungwa kitambaa chekundu, ili mtu asisahau kuvitoa, maana mkia uliobanwa hauwezi kuinua ndege. Yeye alilijua hilo vizuri. Sisi wengine tulidhani kitambaa ni urembo. Malori ya Kitui yana vitambaa vyekundu, mbona ndege isiwe nacho?

Kaluki aliletwa. Alikuwa amejikunja, jasho linamtoka, anauma pembe ya leso yake asipige kelele mbele za watu. Walimwingiza, wakamlaza mahali ambapo kiti kilikuwa kimetolewa. Mishi akaingia akaketi karibu na kichwa chake. Nafasi ya Kiema haikuwepo. Alimshika mkewe mguu kupitia mlangoni, kwa sababu mguu ndio uliokuwa karibu.

"Nitakuja na lori," alisema.

"Njoo na uji," Kaluki akajibu, meno yameumana.

Mutie alianza kuizunguka ndege yake. Aligusa bawa la kushoto, akainama chini yake, akatoa mafuta kidogo kwenye kikombe akayatazama mwangani kama hayana maji. Akatikisa kile, akavuta hiki, akapitisha kiganja kwenye ubavu wa ndege akielekea nyuma. Alibakiza hatua chache tu aufikie mkia. Hapo ndipo mzee wa kanisa aliposema ndugu zetu wasiondoke bila neno, na Kiema akainua mkono.

"Tuombe."

Ungekuwa wewe ungefanya nini? Wewe ni mtoto wa mwinjilisti, umelelewa kwamba sala ikianza hata kuku hafukuzwi. Mutie alisimama pale pale alipokuwa, akavua kofia, akafumba macho.

Na Kiema akaomba. Hofu yake yote ya miezi tisa ilimtoka kwa mdomo. Pia hakuwa amewahi kuwa na watu wengi hivyo. Soko zima lilikuwa limeinamisha vichwa, na upepo ulikuwa unaibeba sauti yake hadi ng'ambo ya uwanja. Alianza kwa kuliombea shirika, kisha akaliombea bawa la kulia na bawa la kushoto. Alimkumbuka Eliya na gari lake la moto. Aliwakumbuka tai wa Isaya. Alipovuta pumzi, Mishi akasema "Amina!" kwa sauti kubwa kutoka ndani ya ndege. Kiema akaendelea. Alipofika kwa manabii wadogo Mishi akajaribu tena, "Amina, mzee, Amina!" Watu wengine wakaitikia wakidhani imekwisha, lakini Kiema alikuwa ndio kwanza anaingia kwenye mito.

Wahenga walisema kawia ufike. Hawakusema kawia kwa sala na mama mjamzito yuko ndani ya ndege.

Mwishowe Kaluki alipiga ukelele. Hakusema Amina, alipiga ukelele tu, na huo ndio uliomrudisha Kiema duniani. Alifunga haraka. Kwaya ikapokea kwa wimbo. Watu walikuwa wamejaa mpaka wameuzunguka mkia, akina mama wanapapasa ile ndege na kuibariki kwa mikono yao. Mutie alifungua macho, akatazama nyuma kule alikokuwa anaelekea. Alipiga hatua moja.

"Wewe kijana, umeshaombewa," bibi mmoja akamwambia. "Sasa unaangalia nini tena? Huamini?"

Watu wakacheka kidogo. Ndani Kaluki akalia tena, na Mishi akagonga kioo. Mutie aliona haya. Kuikagua ndege upya mbele ya kanisa zima, dakika ile ile Mungu alipokabidhiwa, kungeonekana vipi? Mtoto wa mwinjilisti! Akavaa kofia, akapanda, akawasha. Kwa ile haraka hata usukani hakuujaribu.

Ndege ilikimbia. Watu walipunga mikono. Kile kitambaa chekundu kilipepea nyuma na watu wakakipungia pia. Ilikimbia ikapita mahali ambapo ndege zote zilizowahi kutua Ikutha huacha ardhi, na haikuacha. Ikaendelea kukimbia. Wimbo ulikatika wenyewe, sauti moja moja. Mwisho wa uwanja kulikuwa na ua wa miiba, na nyuma ya ua, korongo la mchanga. Ndege ilipasua ua, ikaingia korongoni kwa pua, na mkia ukabaki umesimama juu, umebanwa, na kitambaa chake.

Haikushika moto. Mutie alipasuka paji la uso. Mishi alivunjika mbavu, na bado ndiye aliyepiga kelele za kupanga watu nani ashike wapi. Kaluki alitolewa akiwa hai. Alikuwa amerushwa mbele, akaangukia tumbo.

Ilikuwa bahati, kama ni bahati, kwamba lori la Hemedi, mfanyabiashara wa Kitui, lilikuwa sokoni siku hiyo. Walishusha magunia, wakatandika nyasi, wakamlaza. Njia ya Kitui unaijua au umeisikia. Kiema alikaa nyuma ya lori ameweka kichwa cha mkewe mapajani, na njia nzima hakuomba. Alijaribu, maneno hayakuja. Walifika jua limeshazama, na daktari akamwokoa mama. Mtoto alikuwa wa kiume. Alikuwa ameshakufa tumboni.

Kiema alimrudisha Ikutha akiwa amefungwa katika leso ya mamake, akamzika nyuma ya ghala. Wazee walitaka kuja, akawakatalia. Alisimama pale peke yake na jembe, yeye aliyeombea mito, akatafuta neno moja la kumwambia Mungu asilipate.

Aliporudi hospitali alimkuta Kaluki anatazama dari. Alikuwa amebeba uji kwenye chupa, kama alivyoagizwa. Kaluki hakuugusa.

"Baba Ndinda," alisema, "wewe ukiwa unapapasa mbuzi, na mwenyewe akikusumbua na maneno, unamwambia nini?"

Kiema alilielewa swali kabla halijaisha. Ilimbidi ajibu, maana Kaluki alingoja.

"Namwambia anyamaze."

Kaluki aligeukia ukutani.

Hakumrudia tena na neno hilo. Watu wa serikali walikuja kuchunguza, wakamwuliza Mutie ilikuwaje. Mutie, kichwa kimefungwa bendeji, alisema, "Sikukagua mkia. Ni mimi." Hakutaja sala. Kiema alikuwa amesimama karibu, amejiandaa kujieleza, na hakuna aliyemwuliza. Kijana alisimamishwa kuruka kwa muda mrefu. Kiema aliona aibu ambayo hajawahi kuiona mbele ya baba yake wala mbele ya wakwe zake.

Maisha yakaendelea, maana hayana kazi nyingine. Kaluki alipona, akalima, akapika, akaenda kanisani akaketi mstari ule ule. Hawakugombana. Lakini Kiema akiomba, mezani au kanisani, Kaluki alifumba macho na kuyafungua bila kusema kitu. Amina iliisha. Wengine hawakutambua, kwa sababu wengine waliitikia. Kiema alitambua siku ya kwanza.

Alidhani kosa ni urefu, basi akapunguza. Akaacha Nuhu, akaacha Musa, akaacha mito. Watu walimsifu kwamba mzee amepata hekima. Kaluki kimya. Akapunguza tena mpaka sala ya chakula ikawa mistari miwili, mchuzi unatoa moshi. Kaluki akachukua kijiko akala. Ilimuuma, na hakuwa na wa kumwambia, maana angesema nini? Kwamba mke wangu ananilisha vizuri lakini haniitikii?

Miaka ikapita hivyo. Ndege nyingine zilitua Ikutha zikaruka, na Kiema hakuwahi kukanyaga uwanjani. Akisikia mlio alitafuta kazi zizini.

Halafu siku moja Musyoka, jirani yao wa ua kwa ua, alipigwa pembe na fahali wake tumboni. Ndege ikaitwa. Kiema hakuwa na ujanja, alikuwa ameshika pembe moja ya machela. Kaluki alikuja nyuma na mke wa Musyoka, amemshika mkono. Walipofika uwanjani rubani alikuwa anaanza kuizunguka ndege yake. Alikuwa na kovu kwenye paji la uso, na kichwa kimeanza kupata mvi. Alikuwa Mutie.

Walionana.

Mchungaji alikuwa mgeni, ametoka Migwani juzi juzi, hajui habari za watu. Alipoona umati alipaza sauti kwa furaha: "Mzee Kiema yuko! Mzee, tuombee safari!"

Mutie alikuwa kwenye bawa. Aliposikia jina hilo aliondoa mkono kwenye bawa, akavua kofia, akainamisha kichwa, akafumba macho. Alisimama hivyo, vile vile kama siku ile, mikono mbele, akingoja. Kiema alimtazama. Mtu huyu alikuwa amesimamishwa kazi kwa sala ya Kiema, na bado anaingoja nyingine.

Alimwendea, akamshika bega.

"Vaa kofia yako, mwanangu. Zunguka kwanza. Sisi tutangoja."

Mutie alifungua macho. "Lakini mzee, watu..."

"Watu niachie mimi. Wewe papasa."

Mnong'ono ulipita. Mchungaji alikunja uso. Mtu wa kwaya, kwa kuona kimya kimekuwa kirefu, alianzisha wimbo, na Kiema akageuka akamwinulia mkono. Ile sauti yake ya zamani ilitoka yote, nzito, ikafika ng'ambo ya uwanja.

"Nyamazeni kwanza! Mikono yake inasikiliza."

Wakanyamaza. Hata mke wa Musyoka alinyamaza. Mutie aliizunguka ndege polepole, akagusa, akainama, akatikisa, akafika mkiani. Akatoa kibao kimoja, akatoa cha pili, akavishika mkononi na vitambaa vyake vyekundu. Akauchezesha mkia juu na chini, juu na chini, watu wote wakiona. Kisha akaja akasimama mbele ya Kiema.

"Tayari, baba."

Kiema alivua kofia.

"Mungu, tumekagua," alisema. "Yaliyobaki ni yako."

Akanyamaza hapo. Watu walibaki wameinamisha vichwa wakingoja Nuhu, wakingoja mito. Hawakujua kwamba amemaliza. Kwa muda hakuna aliyeitikia, na Kiema alisimama na kofia mkononi, macho yamefumbwa, hana la kuongeza.

"Amina," akasema mtu upande wa akina mama.

Aliitoa kwa nguvu, ya kuamsha waliosinzia. Kiema hakugeuka kuangalia ni nani.